Mpangaji wa Luvua: Kisa cha OTRAG, Kampuni Binafsi ya Roketi Iliyokodi Shaba

Tarehe 5 Juni 1978, Rais Mobutu Sese Seko wa Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) alifika kwenye uwanda wa juu wa Manitu, kaskazini mwa mkoa wa Shaba, kushuhudia roketi ikirushwa. Haikuwa roketi ya jeshi lake, wala ya dola yoyote ya kigeni. Ilikuwa mali ya kampuni binafsi ya Ujerumani Magharibi iliyojulikana kwa kifupi kama OTRAG, ambayo ilikuwa imekodi sehemu kubwa ya mkoa huo ili ijaribie humo vyombo vyake na hatimaye irushe setelaiti za wateja. Roketi ile, ya tatu kurushwa kutoka mahali pale, ilinyanyuka, ikapinda njia, ikaanguka mbele ya mgeni wa heshima. Mwaka haukutimia kabla ya kampuni kuamriwa kufunga virago.

Anayeyasoma matukio haya mawili kwa haraka huyaona yanafuatana kama mvua na tope: roketi imeanguka, mwenye nyumba amekasirika, mpangaji ametolewa nje. Nadhani usomaji huo si sahihi. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba OTRAG ingetolewa Shaba hata kama roketi ya tatu ingekwenda sawasawa, na kwamba mafanikio makubwa zaidi yangeweza hata kuiharakisha siku hiyo, kwa sababu kilichoitisha dunia hakikuwa udhaifu wa chombo chake bali uwezekano kwamba kingefanya kazi. Kampuni ilifikiri imekodi ardhi. Ilichokuwa imekodi kwa hakika ni kivuli cha mamlaka ya mtu mmoja, na kivuli hufuata jua linapokwenda.

Kisa hiki kinastahili kusomwa kwa Kiswahili kwa sababu ya mahali kilipotokea. Mto Luvua hutoka Ziwa Mweru, penye mji wa Pweto, ukaelekea kaskazini-magharibi hadi kuungana na Lualaba huko Ankoro. Eneo lote hilo ni la wasemaji wa Kiswahili cha Kongo, na upande wa mashariki, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ndiko kuliko pwani ya Tanzania. Hata jina la mkoa lilikuwa letu: Mobutu alipoifuta Katanga kwenye ramani, aliipa jina la madini yake kama yanavyoitwa kwa Kiswahili.

Wazo la mabomba

Mwanzilishi wa kampuni, Lutz Kayser, alizaliwa mwaka 1939 na kuingia katika ufundi wa roketi mjini Stuttgart. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akipata fedha za utafiti kutoka Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ambayo ilitaka kujua kama ipo njia ya bei nafuu ya kurusha setelaiti. Ulaya ilikuwa imechoshwa na Europa, roketi ya pamoja ambayo kila nchi ilitengeneza kipande chake na ambayo haikufanikiwa hata mara moja kuweka setelaiti angani. Hata hivyo Bonn iliamua kuungana na Ufaransa katika mradi mpya wa roketi ya Ariane, na fedha za Kayser zikakatika. Mwaka 1975 aliunda kampuni ya hisa ili aendelee bila serikali. Hatua hiyo ndiyo inayoifanya OTRAG kuwa mfano wa awali kabisa wa jambo ambalo leo limezoeleka: mjasiriamali anayetaka kufika anga za juu kwa mtaji wa watu binafsi.

Wazo lake lilikuwa la kibiashara zaidi ya kuwa la kisayansi. Kayser alishikilia kwamba roketi ni ghali kwa sababu hutengenezwa kama saa za vito, kila moja peke yake, na mafundi wachache wenye vifaa vya pekee. Yeye alitaka roketi itengenezwe kama mabomba ya maji. Kipande cha msingi kilikuwa bomba la chuma kisichoshika kutu, lenye kipenyo cha sentimita 27, la aina ambayo viwanda vilikuwa tayari vikizalisha kwa kazi nyingine, na ndani yake yaliwekwa mafuta ya taa au kioksidishaji, yaani kemikali inayoyawezesha mafuta kuwaka, kilichotokana na asidi ya nitriki. Pampu, ambayo katika roketi za kawaida ndiyo sehemu ngumu na ghali kuliko zote, iliondolewa kabisa. Theluthi moja ya tangi iliachwa bila kimiminika ikajazwa hewa iliyoshindiliwa, na hewa hiyo ndiyo iliyosukuma vimiminika hadi kwenye chumba cha mwako. Vali zilifunguliwa na mota ndogo ya umeme, ya aina inayoendesha waipa za gari. Uwashaji haukuhitaji cheche, kwani kiasi kidogo cha kemikali iliyotangulia kukutana na asidi kiliwaka chenyewe.

Uchaguzi wa asidi badala ya oksijeni ya kimiminika ulikuwa na busara yake kwa watu waliokusudia kufanya kazi porini. Oksijeni ya kimiminika huhitaji baridi kali na mitambo ya kuitunza, ilhali asidi na mafuta ya taa hukaa kwenye pipa katika joto la kawaida. Gharama yake ni kwamba kilo moja ya mchanganyiko huo hutoa msukumo mdogo kuliko ule wa oksijeni, na matangi yanayohimili shinikizo la hewa huwa mazito. Kayser aliyajua hayo na akayakubali: afadhali roketi nzito ya bei ya chini kuliko nyepesi ya bei ya juu. Aliahidi kwamba kufikisha mzigo kwenye mzingo wa dunia, yaani njia ambayo setelaiti huizungukia dunia, kungegharimu takriban sehemu ya kumi ya bei ya wakati ule.

Ili kupata nguvu ya kutosha, mabomba hayo yangefungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Manne yalitosha kwa jaribio dogo. Mamia yangehitajika kufikisha tani kadhaa kwenye mzingo. Uelekezaji nao ungefanywa bila kuzungusha injini: ukitaka chombo kiiname upande fulani, unapunguza vali za upande huo, na nguvu ya upande wa pili inakigeuza.

Hapa ndipo nisipokubaliana na wanaoieleza OTRAG kama fikra kamilifu iliyonyongwa na wanasiasa. Kufunga injini nyingi pamoja halikuwa jambo ambalo mtu angelidhania tu kuwa litafanya kazi. Warusi walikuwa wamejaribu roketi yao ya mwezini, N1, yenye injini 30 katika hatua ya kwanza, na mara zote nne, kati ya mwaka 1969 na 1972, ilishindwa. Kayser alijibu kwamba injini zake ni sahili mno na kwamba alikwisha kufanya maelfu ya majaribio ya kuziwasha zikiwa zimefungwa chini. Lakini injini iliyofungwa chini haitetemeshi jirani zake kama inavyofanya ikiwa angani, na kampuni haikupata kurusha mamia ya mabomba, wala makumi. Kilichopaa Shaba ni vifurushi vidogo ambavyo havikukaribia hata anga za juu. Kwa kulinganisha, anga za juu kwa kawaida huhesabiwa kuanzia kilomita 100, na kufika huko nako si kuingia kwenye mzingo, kwa kuwa setelaiti inayozunguka karibu na dunia huhitaji mwendo wa takriban kilomita 7.8 kwa sekunde. Wazo halikukanushwa, lakini pia halikuthibitishwa. Wakati wetu umelitendea haki kwa sehemu: roketi ya Falcon Heavy ilipaa mwaka 2018 ikiwa na injini 27 zinazowaka pamoja, jambo ambalo kizazi cha Kayser kilikuwa na sababu nzuri ya kuliogopa.

Fedha za wenye kipato na ardhi ya Mobutu

Swali la kwanza ambalo mtu yeyote wa biashara angeuliza ni nani alilipa. Jibu liko katika sheria ya kodi ya Ujerumani Magharibi. Wakati huo mtu mwenye kipato kikubwa aliweza kuingia ubia katika mradi wenye hasara, kisha akaikata hasara hiyo kwenye kipato chake kinachotozwa kodi, na mara nyingine hasara iliyoandikwa ilizidi hata fedha alizotoa. Mamia ya watu wa aina hiyo waliweka fedha zao OTRAG. Kwa wengi wao roketi ilikuwa jambo la kusisimua, lakini unafuu wa kodi ndio uliokuwa faida ya hakika. Kwa hiyo kampuni iliyojinadi kuwa haitegemei serikali ilikuwa ikiishi kwa fedha ambazo serikali ilikubali kutozikusanya. Mwaka 1980 Bonn iliubana mwanya huo kwa kuweka kikomo cha hasara anayoweza kudai mbia wa namna hiyo.

Sura ya heshima ya kampuni ilikuwa Kurt Debus, aliyekuwa mkurugenzi wa kituo cha Kennedy huko Florida hadi mwaka 1974 na aliyesimamia kurushwa kwa Apollo kwenda mwezini. Debus alikuwa mwenyekiti wa bodi. Kwa wawekezaji, jina lake lilikuwa dhamana kubwa. Kwa Moscow lilikuwa zawadi, maana Debus huyo huyo alifanya kazi Peenemünde, kituo cha roketi cha Ujerumani, wakati wa Hitler, kwenye majaribio ya makombora ya V-2 yaliyopiga London na Antwerp. Sidhani kama waliomteua walilipima vya kutosha jambo hili.

Ujerumani haikuwa na mahali pa kurushia roketi. Nchi ni ndogo, imejaa watu, na kila upande kuna mpaka. Karibu na ikweta kuna faida mbili. Kwanza, dunia yenyewe huzunguka kwa kasi ya takriban mita 465 kwa sekunde hapo, na roketi inayoelekea mashariki hupata kasi hiyo bila kulipa. Pili, setelaiti nyingi za mawasiliano za wakati ule zilikaa juu ya ikweta, hivyo safari ya kuzifikisha ilitumia mafuta machache. Waitaliano walikuwa wamekwisha kuitumia faida hiyo kwenye pwani ya Kenya: kutoka majukwaa yao ya baharini karibu na Malindi, setelaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya Kenya. Lakini mradi wa Malindi ulikuwa wa dola kwa dola. OTRAG ilikwenda kama mfanyabiashara binafsi, na mkataba wake na Zaire uliipa takriban kilomita za mraba 100,000 hadi mwaka 2000. Eneo hilo ni karibu mara mbili ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa.

Mtu anaweza kuuliza Mobutu alitafuta nini. Bei ya shaba ilikuwa imeporomoka, reli ya Benguela iliyopitisha madini hadi bahari ya Atlantiki ilikuwa imefungwa na vita vya Angola, madeni yalikuwa yamelundikana, na utaifishaji wa biashara za wageni wa mwaka 1973 ulikuwa umevuruga uchumi. Zaire kuwa nchi ya Kiafrika inayorusha setelaiti kulifaa sana kwa kiongozi aliyependa fahari, hasa kwa kuwa ardhi yenyewe ilikuwa mbali na Kinshasa na haikumwingizia kitu. Maandishi ya mkataba yalipochapishwa Ulaya mwaka 1977, wasomaji walikuta vifungu vilivyoipa kampuni haki ya kulitumia eneo bila kuingiliwa na vya kuwaondoa wakazi pale itakapohitajika. Vifungu vya namna hiyo viliufanya mkataba usomeke kama hati za kampuni za enzi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo kama mali yake, na hakuna tafsiri ya wanasheria ambayo ingeifuta sura hiyo machoni pa Waafrika walioikumbuka historia hiyo. Waliokuwa wakiishi na kulima kando ya Luvua hawakuwa na sauti katika mkataba wenyewe, na katika maandishi mengi kuhusu OTRAG hawana sauti hadi leo. Kwa uchambuzi wa kisa ninaona hili kuwa kasoro kubwa kuliko mjadala wowote juu ya vali.

Kazi uwandani ilifanyika haraka. Kiwanja cha ndege kilisawazishwa, kampuni ikaanzisha tawi lake la usafiri wa anga lililotumia ndege za mizigo aina ya Argosy, na vifaa vyote, tangu mabomba hadi chakula cha mafundi, vikaletwa kwa njia hiyo. Roketi ya kwanza ilipaa tarehe 17 Mei 1977.

Roketi au kombora

Tarehe hiyo inahitaji kusomwa pamoja na kalenda ya vita. Mnamo Machi 1977 wapiganaji wa Kikatanga waliokuwa na makao Angola walivamia Shaba, na mapigano yalikuwa bado hayajamalizika roketi ya kwanza iliporushwa. Mwaka uliofuata walirudi na kuuteka mji wa Kolwezi tarehe 13 Mei. Tarehe 19 Mei askari wa miavuli wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa walishuka Kolwezi. Tarehe 20 Mei, kilomita mia kadhaa kaskazini-mashariki, OTRAG ilirusha roketi yake ya pili. Ni vigumu kufikiria ratiba mbaya zaidi kwa kampuni iliyotaka dunia iamini kwamba haina uhusiano wowote na mambo ya kijeshi.

Kiswahili kina maneno mawili hapa, na mgogoro mzima unakaa katikati yake. Tunasema roketi kwa chombo cha kwendea angani na kombora kwa silaha. Fizikia haitambui tofauti hiyo. Bomba linaloweza kupandisha setelaiti linaweza pia kubeba kichwa cha mlipuko, na kinachoyatenganisha ni mfumo wa uelekezaji, mzigo na nia ya mwenye chombo. Vyombo vya habari vya Kisovieti vilidai kwamba Ujerumani Magharibi inatumia Zaire kama pazia la kuundia makombora. Dai hilo lilikuwa na mahali pa kushika. Chini ya Mkataba wa Brussels kama ulivyorekebishwa mwaka 1954, Ujerumani Magharibi iliahidi kutotengeneza makombora ya masafa marefu katika ardhi yake. Shaba haikuwa ardhi yake, na hilo ndilo hasa lililowatia watu shaka.

Kwa maoni yangu dai la kijeshi lilikuwa dhaifu kiufundi. Roketi inayojazwa asidi, inayorushwa kutoka uwanda wazi na yenye uelekezaji wa kubahatisha kama ulivyoonekana Juni 1978, ni silaha duni mno. Lakini hoja ya kiufundi haikuwa ndiyo iliyohesabiwa. Angola ilikuwa na jirani aliyewasaidia adui zake, na jirani huyo sasa alikuwa na Wajerumani wanaorusha vyombo visivyokaguliwa na mtu. Ufaransa kwa upande wake haikupenda kuona Wajerumani wakiwa na roketi zao wenyewe, na tena ilikuwa ikiongoza Ariane, ambayo OTRAG ilijitangaza kuwa mshindani wake wa bei nafuu. Bonn ilikuwa imewekeza katika Ariane hiyo hiyo na ilihitaji utulivu na Moscow. Kwa hiyo kila mtu mwenye uzito mezani alikuwa na sababu ya kutaka OTRAG iondoke, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kuitetea.

Mobutu aliyapima hayo yote. Mnamo Agosti 1978 Rais Agostinho Neto wa Angola alizuru Kinshasa na mataifa hayo mawili yakaanza kupatana. Ufaransa ilikuwa imetoka kumwokoa Kolwezi. Naona, na hapa ninasoma mwenendo wa mambo badala ya hati yoyote, kwamba kufikia mwisho wa mwaka huo kampuni ya Kayser ilikuwa imegeuka kutoka kuwa pambo hadi kuwa kitu cha kubadilishana, na kwamba gharama ya kukitoa ilikuwa ndogo sana kwake. Mwaka 1979 aliamuru kazi zisimame. Mkataba wa miaka zaidi ya ishirini ulikwisha bila mahakama, bila usuluhishi, bila hata ubishi mkubwa, maana hapakuwa na serikali ambayo OTRAG ingeweza kuikimbilia na kusema: haki za raia wangu zimevunjwa. Tarehe 24 Desemba mwaka huo huo Ariane ya kwanza ilipaa kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa.

Sheria ambayo kampuni haikuweza kuikodi

Wachambuzi wengi wa OTRAG huishia kwenye siasa za vita baridi. Kuna safu ya chini zaidi ambayo ingeibana kampuni hata katika dunia yenye amani. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unasema kwamba shughuli za watu binafsi angani zinahitaji idhini na usimamizi endelevu wa dola husika, na kwamba dola ndiyo inayobeba dhima ya kimataifa. Mkataba wa Dhima wa mwaka 1972 unakwenda mbali zaidi: dola inayorusha ni pamoja na ile ambayo kurusha kumefanyika katika ardhi yake na ile iliyosababisha kurushwa huko. Kama bomba la OTRAG lingeangukia kijiji cha Zambia, kwa kanuni hiyo Zambia ingeweza kuidai Zaire, na yawezekana Ujerumani Magharibi pia. Kwa maneno mengine, hakuna roketi ya binafsi mbele ya sheria ya kimataifa. Kuna roketi ambayo dola fulani imekubali kuijibia.

Zaire ilikubali kuijibia kwa sahihi ya rais na bila chombo chochote cha usimamizi. Ujerumani Magharibi haikuwa na sheria ya kutoa leseni kwa warushaji binafsi na haikutaka kuonekana ikiijibia. Marekani, ambako wajasiriamali walikuwa nao wameanza kujaribu, ilichukua mkondo mwingine. Tarehe 9 Septemba 1982 kampuni ndogo ya Texas ilirusha roketi iitwayo Conestoga kutoka Kisiwa cha Matagorda, ikavuka mpaka wa anga za juu na kurudi. Injini yake ilikuwa ya kombora la zamani la Minuteman, iliyonunuliwa kutoka serikalini, kitu ambacho Kayser angekiona kuwa aibu ya kifundi. Lakini ruhusa za kurusha zilitafutwa katika ofisi za nchi yao wenyewe, na miaka miwili baadaye Marekani ikatunga sheria ya kuwapa leseni warushaji wa kibiashara. Roketi ya kubahatisha yenye dola nyuma yake ilifika mbali kuliko roketi bunifu isiyo na dola.

Kutoka Shaba, OTRAG ilihamia Libya, katika jangwa karibu na Sebha. Ni uamuzi ambao hauna utetezi. Kampuni iliyofukuzwa kwa sababu ilishukiwa kuunda makombora ilikwenda kupanga kwa Muammar Gaddafi, na kwa hatua hiyo moja ikawapa waliomshuku Kayser ushahidi ambao walikuwa wameukosa. Roketi ilirushwa huko tarehe 1 Machi 1981. Kampuni ilipoondoka, vifaa vyake vilibaki mikononi mwa Walibya. Jaribio la mwisho lilifanyika Kiruna, kaskazini mwa Sweden, tarehe 19 Septemba 1983, na miaka michache baadaye kampuni ikafungwa. Katika kisa cha Kiruna kuna kitu cha kuchekesha kidogo: baada ya kuzunguka Afrika nzima ikitafuta ikweta, OTRAG ilimalizia karibu na ncha ya dunia, mahali pasipofaa setelaiti za mawasiliano lakini penye ofisi inayotoa vibali.

Mara nne, si tatu

Roketi ya kwanza ya mafuta ya kimiminika iliyotengenezwa na kampuni binafsi kufika kwenye mzingo ilikuwa Falcon 1 ya SpaceX, tarehe 28 Septemba 2008, kutoka kisiwa cha Omelek katika Visiwa vya Marshall. Ilikuwa safari ya nne. Tatu zilizotangulia zilishindwa, na fedha za mwanzilishi, Elon Musk, zilikuwa karibu kwisha. Watu hupenda kuilinganisha na OTRAG kwa kusema kwamba mmoja alivumilia na mwingine hakuvumilia. Ulinganisho huo unamwonea Kayser, ambaye alivumilia miaka zaidi ya kumi katika nchi nne.

Tofauti iko kwingine. Omelek ilikuwa sehemu ya uwanja wa majaribio wa jeshi la Marekani, na Marekani ina mkataba wa muda mrefu na Visiwa vya Marshall. Mwaka 2006, kabla SpaceX haijafanikiwa hata mara moja, NASA ilikuwa imekwisha kuiahidi dola milioni 278 za kuunda chombo cha kupeleka mizigo kwenye kituo cha kimataifa cha anga, na mnamo Desemba 2008, miezi mitatu baada ya mafanikio, ikaipa mkataba wa dola bilioni 1.6. Kwa Musk kushindwa mara tatu kulikuwa hasara ya fedha tu. Kwa Kayser kushindwa mara moja mbele ya Mobutu kulionekana kuwa hasara ya fedha na pia ya mlezi pekee aliyekuwa naye, na ndiyo maana siku ya 5 Juni inakumbukwa hivyo ingawa haikuamua jambo.

Swali hili halijafungwa kwa nchi za ukanda wetu. Mnamo Januari 2023 Djibouti ilitia sahihi hati ya makubaliano na kampuni ya Hong Kong juu ya ujenzi wa kituo cha kurushia roketi huko Obock, kwa makadirio ya dola bilioni moja na kwa pango la zaidi ya miaka thelathini. Kenya nayo, iliyoanzisha shirika lake la anga mwaka 2017, imekuwa ikizungumzia kituo chake mwenyewe. Atakayesoma mikataba ya namna hii aanze na vipengele ambavyo havikuwepo katika ule wa Luvua: nani anakagua kinachopakiwa juu ya roketi, dola ipi inaijibia ikianguka, na wakazi wa chini ya njia yake wanaulizwa na nani.

Lutz Kayser alifariki Novemba 2017, akiwa amehamia Visiwa vya Marshall. Mkataba wake wa Shaba ulikuwa umeandikwa udumu hadi mwaka 2000. Mwenye kuutia sahihi alikimbia Kinshasa Mei 1997 na kufa Rabat kabla mwaka haujakwisha. Mnamo Desemba 2000, katika mwezi wa mwisho wa pango hilo, majeshi ya Rwanda na waasi wa RCD waliuteka mji wa Pweto, pale Luvua inapotoka Ziwa Mweru, na askari wa serikali pamoja na maelfu ya raia wakavuka mpaka kuingia Zambia.